Sherehe ya Mtoto Bila ya Mkopo



Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni sherehe ya mtoto mdogo anayetimiza mwaka. Sisi hatulioni dogo, kwa sababu chuoni twakaa na watoto kila siku, na twasikia wanayoambiana kabla ya somo. Mmoja husema, "Kwetu palikuwa na keki ya gemu, na maputo, na mtu wa kupiga picha." Wa pili hunyamaza. Kisha huyo wa pili hurudi kwao, na usiku mama yake huulizwa swali ambalo jibu lake liko mfukoni, na mfukoni hamna kitu.

Mama mmoja muuza vitumbua alitujia na jambo hilo. Mwanawe alikuwa akitimiza miaka 6, naye hakutaka jingine ila sherehe ya Mario, yule mtu mwenye masharubu na kofia nyekundu anayerukaruka katika mchezo wa video. Dukani mama aliambiwa bei ya keki yenye sura hiyo, na ya vikombe, na ya mapambo, akaona kwamba faida ya siku nyingi za jiko lake haitoshi. Jirani alikwisha kumpa khabari za mkopo wa riba, ule ambao watu wauita kausha damu, naye alikuja kutaka shauri kabla ya kutia sahihi. Tulimwambia asitie. Haya yafuatayo ndiyo tuliyomweleza, nasi twayaandika ili yawafae na wengine.

Kwanza, twajua wako watakaouliza kama siku ya kuzaliwa yafaa kuadhimishwa. Masheikh wetu wamekhitilafiana. Wako wanaoikataza kabisa, na wako wanaoiona kuwa ni katika ada za watu, haina ubaya maadamu haina maasi. Hatukukaa hapa kutoa fatwa. Nyumba iliyofuata kauli ya kwanza na iifanye michezo hii siku ya Idi, au siku mtoto amalizapo juzuu. Watoto watacheka vile vile. Lakini juu ya ubaya wa riba na wa israfu, hapana khitilafu.

Mzazi asiyeujua mchezo huo ni vyema aujue, kwani mtoto humsikiliza zaidi mtu anayekijua anachokipenda. Mario ametoka Japani. Walioutengeneza ni kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, iliyoanza mwaka 1889 kwa kazi ya kutengeneza karata. Aliyembuni Mario ni Bwana Shigeru Miyamoto. Mara ya kwanza alionekana mwaka 1981 katika mchezo uitwao Donkey Kong, akiruka mapipa. Na mwaka 1985 ukatoka Super Mario Bros., ndio uliomtangaza duniani. Watoto wa leo wamjua pia kwa filamu iliyotoka mwaka 2023. Khabari yake ni nyepesi. Akimbia, aruka mashimo na maadui, aingia katika mabomba ya kijani, agonga masanduku yenye alama ya kuuliza, aokota sarafu za dhahabu. Akila uyoga huwa mkubwa, na mwisho wa hatua huurukia mlingoti wa bendera. Akitimiza sarafu 100 huongezewa uhai mmoja, yaani ruhusa ya kucheza tena akianguka.

Sasa tazameni jambo ambalo wauza mapambo hawawaambii. Mchezo huo wenyewe ulitengenezwa kwa uchache. Mwaka 1981 picha ya Mario ilikuwa ya vidoto vichache tu, hata uso wake ulikuwa taabu kuchorwa ukaonekana. Bwana Miyamoto akamtia masharubu ili asihitaji kuchora mdomo, na akamvika kofia ili asihitaji kuchora nywele. Katika mchezo wa mwaka 1985 nafasi yote waliyokuwa nayo ilikuwa kilobaiti 40. Picha moja ipigwayo kwa simu ya siku hizi huishinda mara nyingi. Kwa uchache huo walipanga dunia 8, na kila moja ina hatua 4, jumla hatua 32. Walifanyaje? Wingu lililo juu na kichaka kilicho chini ni umbo lile lile. Juu wamelipaka nyeupe, chini wamelipaka kijani. Basi ikiwa wenyewe waligeuza wingu likawa kichaka, mama atashindwaje kugeuza boksi likawa bomba?

Na liko jambo la pili. Bwana Miyamoto, aliyezaliwa mwaka 1952 huko Sonobe, karibu na Kyoto, ameeleza kwamba utotoni alikuwa akizunguka mashambani na vilimani, akaona pango, akaja akaliingia na taa mkononi. Furaha ile ya kutojua kilichoko mbele ndiyo aliyoitia katika michezo yake. Kwa hiyo mchezo huu asili yake ulikuwa nje, ukaingizwa ndani ya kioo. Kazi yetu ni kuutoa kiooni na kuurudisha uani.

Matayarisho yaanze siku 7 kabla, na mtoto mwenyewe awe fundi mmojawapo. Mtoto aliyekata karatasi kwa mkono wake haulizi ni kwa nini halikununuliwa pambo la dukani.

Wageni wasizidi 8. Mwaliko uwe wa maneno au wa kikaratasi, na useme hivi: "Usije na zawadi. Njoo na boksi moja tupu." Boksi tupu lapatikana dukani bure. Mtoto wa tajiri ataleta moja, na wa maskini ataleta moja, wala hapana mgeni atakayeingia mikono mitupu akaona haya. Katika yote tunayoyaandika leo, hili ndilo tunalolitilia mkazo zaidi.

Sarafu zitengenezwe 100. Mdomo wa kikombe uwekwe juu ya karatasi ngumu, izungushwe kalamu, karatasi ikatwe, kisha ipakwe manjano ya jikoni yaliyokorogwa kwa maji kidogo. Kila usiku mtoto ahesabu zilizokwisha, na kufika siku yenyewe atakuwa amejua kuhesabu hadi 100 bila ya fimbo ya mtu. Bomba ni maboksi 3 makubwa yaliyotobolewa pande mbili na kuunganishwa, kisha yakafunikwa majani ya mgomba; asiyekuwa na mgomba atumie kanga kuukuu ya kijani. Uyoga ni vifuu vya nazi vilivyopakwa rangi nyekundu na kutiwa madoa ya chokaa, kila kimoja juu ya kopo lililofudikizwa. Sanduku la kuuliza ni boksi dogo lililovikwa karatasi ya njano, ndani mna tende zilizofungwa moja moja, na chini limezibwa kwa karatasi nyepesi. Lining'inizwe juu kidogo ya vichwa vya watoto. Bendera ni kitambaa, na mlingoti wake ni mpini wa ufagio.

Sherehe ianze baada ya Alasiri na iishe kabla ya Magharibi. Mchezo wa kwanza ni kujenga: wageni wapange maboksi waliyokuja nayo, wasimamishe ngome. Kisha njia ya Mario ifunguliwe, na watoto wapite mmoja baada ya mmoja. Kwanza waruke makopo yaliyolazwa chini. Pili watambae bombani. Tatu wavipige vifuu kwa mpira wa soksi. Nne waligonge sanduku kwa ngumi hadi tende zidondoke. Tano waikwepe mipira ya maadui. Na hapa hatuhitaji kuomba kitu Japani, kwa kuwa rede yetu, ambayo mtoto hujaza mchanga katika chupa huku akikwepa mpira, ina kazi, ina maadui, na akipigwa ametoka. Mwisho waufikie mlingoti.

Sarafu zifichwe njia nzima, na ndoo ya kuzitia iwe moja tu kwa watoto wote. Zikihesabiwa zikatimia 100, wote wamepata uhai mmoja, na wote warudie njia tangu mwanzo. Katika sherehe nyingi hutoka mshindi mmoja na wanaolia saba. Hapa aliyeokota sarafu 2 na aliyeokota 20 wote wameitimiza mia ile ile, na yule mdogo aliyeiona ya mwisho chini ya mtungi ndiye atakayeshangiliwa.

Chakula kisiwe na makuu. Kashata zikatwe vipande vya mraba, zipangwe kama matofali ya mchezo. Yai lililochemshwa, likasimamishwa na kuvikwa nusu ya nyanya, huwa uyoga ambao kila mtoto ataucheka kabla ya kuula. Kaimati, mkate wa kumimina na maji ya ukwaju vyatosha baada ya hapo. Na kila mgeni aondoke na kofia ya karatasi nyekundu. Ile ya Mario ina herufi M. Lakini hizi ziandikwe kila moja herufi ya kwanza ya jina la mwenyewe, ili Asha awe na A yake, na Bakari awe na B yake.

Yako mambo ya tahadhari. Kingo za vifuu zisuguliwe zisikate. Kamba isiachwe mahali itakapomkaba mtoto shingoni. Wenye kutumia maputo waokote vipande vyake mara yanapopasuka, kwani mtoto mdogo hutia kinywani, na kipande kikikwama kooni ni khatari ya roho. Simu ziwekwe ndani. Atakayepiga picha awe mmoja, wala asizitangaze picha za watoto wa watu bila ya idhini ya wazee wao.

Yule mama aliyafanya haya. Alichonunua ni rangi nyekundu, gundi, sukari, mayai na tende kidogo. Vingine vilikuwamo nyumbani au vilikuja na wageni. Tuliyoyasikia chuoni juma lililofuata hayakuwa khabari za keki. Ulikuwa ugomvi wa nani aliyepita bombani upesi zaidi, na tulilazimika kuukata ili tusome.

Nanyi vijana wetu, kaka na dada, ambao saa zenu nyingi mwazitumia kwa michezo hii ya kioo, twawaambia neno moja bila ya kuwakemea. Mwaijua kuliko wazazi wenu. Mwajua kila bomba liendako na kila sanduku lina nini. Basi elimu hiyo itumieni nyumbani: mkiona mama ana fikira za siku ya mdogo wenu, mwambieni, "Mama, usihangaike, tuachie sisi uani." Mkusanye maboksi, mpake vifuu, msimame mwisho wa njia mshike mlingoti. Mdogo wenu huenda akasahau alikula nini siku hiyo. Lakini hatasahau kwamba kaka yake mkubwa aliacha gemu lake akaja kujifanya adui wa Mario, akaanguka chini kila alipopigwa mpira wa soksi.

Na wazazi twawaomba: mtoto akisema "nataka kama kwa fulani", msimkaripie upesi wala msikimbilie kukopa. Muulizeni ni kitu gani hasa alichokipenda kule kwa fulani. Mara nyingi atajibu kwamba alikimbia, aliruka, na watu walikuwa wakimtazama na kufurahi. Hayo hayauzwi dukani, na kila nyumba inayo ya kutosha.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na atuepushe na deni linalolaza watu macho. Amin.