Kutoka Busia hadi Geneva: Nani humlinda mfanyakazi anayeajiriwa na simu?

Neno "bodaboda" halikuzaliwa Nairobi wala Kampala. Lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 na 1970, wakati vijana wenye baiskeli walipowabeba wasafiri na mizigo yao katika kipande cha barabara kilichotenganisha vituo viwili vya forodha. Wito wao wa kutafuta abiria ulikuwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, likatamkwa kwa lafudhi ya wenyeji. Baadaye baiskeli ikawa pikipiki, na katika miji mikubwa pikipiki ikaingia kwenye simu. Programu ya simu sasa humtafutia dereva abiria, humpangia nauli, hukata kamisheni yake, na inaweza kumfungia akaunti pasipo kumwita kwenye kikao chochote.

Je, dereva huyo ni mfanyakazi au ni mfanyabiashara? Swali hilo lilifika Geneva mwezi Juni 2025, katika kikao cha 113 cha Mkutano wa Kimataifa wa Kazi. Wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi walijadili kwa mara ya kwanza kanuni za kimataifa za kazi zenye staha katika majukwaa ya kidijitali. Upande wa waajiri ulipendelea pendekezo lisilozifunga nchi. Hata hivyo, mkutano uliamua kutayarisha mkataba utakaoambatana na pendekezo, na duru ya pili ya majadiliano ikapangiwa Juni 2026. Tofauti hiyo si ndogo, kwani mkataba huifunga nchi iliyouridhia, ilhali pendekezo hubaki kuwa mwongozo.

Mwajiri asiyeonekana

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zimejengwa juu ya mkataba wa ajira. Yupo anayeajiri, yupo anayeajiriwa, na upo ujira. Makampuni mengi ya majukwaa hujitoa katika picha hiyo kwa kusema kwamba yenyewe ni daraja tu kati ya mteja na mtoa huduma. Dereva huitwa mshirika. Kwa neno hilo moja hupoteza likizo ya malipo, notisi ya kuachishwa kazi na fidia ya ajali kazini.

Anayeijua steji ya bodaboda ya Busia, Malaba au Tororo ataiona tofauti. Steji ina mwenyekiti, ina kanuni, na mara nyingi ina mchango wa matibabu na wa msiba. Anayekosea huadhibiwa, lakini husikilizwa kwanza. Jukwaa la kidijitali limechukua mamlaka ya mwenyekiti, yaani kugawa kazi, kupanga bei na kuadhibu, bila kuuchukua wajibu wake.

Wapo wanaojibu kwamba dereva wa steji naye hakuwahi kuwa na bima wala pensheni, na kwamba programu imemletea angalau wateja. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini dereva wa steji hupatana nauli na abiria wake ana kwa ana, na halipi kamisheni kwa kila safari. Anayepangiwa bei na mwingine ana haki ya kuuliza mwingine huyo anadaiwa nini.

Mpaka mmoja, sheria mbili

Chukua mfano wa kijana wa Paya, kaunti ndogo iliyo katika wilaya ya Tororo. Tuseme amesajiliwa na programu upande wa Uganda, akapata ajali akiwa amepeleka kifurushi upande wa Kenya, na kampuni iliyomtuma ina makao yake katika nchi ya tatu. Ni sheria ya nani itakayotumika? Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, humpa mfanyakazi uhuru wa kuvuka na kuajiriwa kupitia Kifungu cha 10. Aliyejiajiri ana njia yake nyingine katika itifaki hiyohiyo. Yule ambaye hadhi yake haijaamuliwa hajui apite njia ipi.

Ni kweli kwamba programu kubwa za usafiri zimejikita zaidi mijini, na mpakani abiria wengi bado hupatikana kwenye steji. Lakini kazi ya kidijitali haihitaji barabara, na mfano mzito zaidi umetokea Nairobi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook chini ya kampuni ya Sama, aliishtaki Sama pamoja na Meta. Mwaka uliofuata, zaidi ya wachujaji 180 kutoka nchi kadhaa za Afrika walikwenda mahakamani kupinga kuachishwa kazi. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliikataa hoja hiyo. Uamuzi huo haukumaliza kesi. Ulifungua mlango tu. Lakini mlango huo ndio uliokuwa umefungwa kwa kila aliyeambiwa kwamba bosi wake yuko ng'ambo.

Kwa upande wa sheria, hatua zilizopigwa ni za vipande vipande. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 kuhusu makampuni ya teksi za mtandaoni ziliweka ukomo wa kamisheni kuwa asilimia 18, lakini hizo ni kanuni za uchukuzi, si za ajira. Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2022, iliwataka waajiri wote, hata wenye wafanyakazi wachache, wachangie Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na ikawafungulia waliojiajiri akiba ya hiari. Hiari hiyo ni nafuu, ila mzigo wote humwangukia mchangiaji mwenyewe.

Njia tatu za wengine

Kwingineko majibu yamekwisha kutolewa. Nchini Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wanaostahili kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Majaji walitazama hali halisi ya kazi, si maneno ya mkataba. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 mwongozo unaozitaka nchi wanachama, kufikia Desemba 2026, ziweke dhana ya kisheria ya ajira pale jukwaa linapomwongoza na kumdhibiti mtu. Jukwaa ndilo litakalobeba mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Australia ilichagua njia ya kati. Tangu Agosti 2024, Tume ya Kazi za Haki inaweza kuwawekea viwango vya chini wafanyakazi wa majukwaa bila kuwageuza waajiriwa kamili, na tangu Februari 2025 aliyefungiwa akaunti isivyo haki anaweza kulalamika mbele yake.

Mkataba wa Geneva hautashuka mpakani wenyewe. Mkataba wa ILO dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini ulipitishwa mwaka 2019, na Uganda iliuridhia mwaka 2023. Miaka minne ni muda mrefu kwa mtu anayelipia pikipiki ya mkopo kila siku. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi havina budi kutangulia. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi cha Uganda, ATGWU, kimekwisha kuvipokea vyama vya waendesha bodaboda, watu ambao zamani hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi.

Februari 2018 marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili huhudumu chini ya paa moja na shehena hukaguliwa mara moja. Kenya na Uganda zimeonyesha kwamba zinaweza kukubaliana juu ya lori la mahindi. Bado hazijakubaliana juu ya kijana aliyevunjika mguu akiwa kazini, hatua chache tu baada ya kuvuka.