MAONI: Oili chafu haiokoi cheni ya baiskeli yako, inaimaliza

Hebu tuambiane ukweli. Simu yako umeivalisha kava, ukaibandika kioo cha kuilinda, na ikishika vumbi kidogo tu unaipangusa kwa shati. Lakini baiskeli inayokupeleka kazini kila asubuhi, cheni yake imeganda uchafu mweusi hadi umesahau rangi yake. Ikianza kulia, unapitia gereji, unaomba oili chafu iliyotolewa kwa gari, unaimwaga juu ya uchafu uleule, kisha unaondoka ukijiona fundi.

Mimi pia nilikuwa hivyo. Kelele iliponyamaza nilidhani kazi imeisha. Baada ya miezi kadhaa, cheni ikaanza kuruka meno kila nikikanyaga pedeli kwa nguvu. Siku moja iliruka nikivuka barabara, matatu hiyo inakuja. Nilipona kwa sababu dereva aliwahi breki. Nilipoifikisha kwa fundi nikaambiwa kununua cheni pekee haitasaidia, maana gia za nyuma nazo zimelika. Oili ya bure ikanilipisha mara mbili.

Shida iko wapi? Cheni ni vipande vingi vinavyojikunja kwenye pini. Mafuta yanahitajika ndani, pale chuma kinaposuguana na chuma. Yakibaki nje, kazi yake ni kukamata vumbi tu. Vumbi likichanganyika na oili linageuka msasa, na kila ukizungusha pedeli unasaga pini zako mwenyewe. Pini zikilika, cheni inarefuka. Ikirefuka, haikai sawa kwenye meno ya gia, inaanza kuyala. Oili iliyotoka kwa injini tayari imebeba masizi na chembe za chuma, kwa hivyo unajiongezea msasa. Na ngozi yako pia haiitaki.

Kupima ni rahisi. Azima futi ya chuma ya seremala. Kwenye cheni mpya, ukihesabu vipande 24 kutoka katikati ya pini moja, unapata inchi 12 kamili. Yako ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni mapema, uokoe gia. Ikizidi kwa 1/8, jiandae, huenda gia zimeenda nayo.

Sasa kuosha. Geuza baiskeli, magurudumu juu. Chovya mswaki wa zamani kwenye mafuta taa kidogo, usugue cheni huku ukizungusha pedeli polepole. Fanya hivyo nje, mbali na jiko, na usimwage yale machafu kwenye mtaro. Panguza kwa kitambaa, osha kwa maji ya sabuni, suuza, kisha acha ikauke kabisa. Usiharakishe hapo, kwa sababu mafuta taa yakibaki ndani yatayeyusha mafuta mapya. Halafu weka tone moja la mafuta ya cheni kwenye kila kiungo. Ukikosa, hata ya cherehani yatakusukuma, ila ni mepesi na mvua huyaosha haraka. Zungusha pedeli, subiri kidogo, kisha panguza yote yaliyobaki nje. Ndiyo, yapanguze! Cheni nzuri ukiishika haikuachi na mkono mweusi. Na chunga mafuta yasiguse breki.

Najua utaniambia huna wakati. Sawa, lakini wakati wa kusukuma baiskeli kwa miguu hadi kwa fundi, ukiwa umechelewa, huwa unautoa wapi? Utaniambia pia kwamba baiskeli za zamani, zile Black Mamba za kina babu, zilipakwa chochote na zikadumu. Nyingi zilikuwa na kifuniko kizima cha cheni, bana. Yako iko wazi, inakula vumbi la kiangazi na matope ya masika bila hata aproni.

Kwa wengine wetu hili si jambo la urembo. Kuna kijana anayepeleka mkate na maziwa dukani kabla hakujapambazuka, na mwingine anayebeba chakula cha wateja mchana kutwa. Cheni ikikatika, siku imekatika. Ukiendesha baiskeli, injini ni wewe, na kila nguvu inayopotelea kwenye cheni chafu imetoka kwa miguu yako na kwa chakula ulichonunua kwa pesa zako.

Kwa hivyo Jumapili hii, kabla ya mechi kuanza, toa mswaki ule wa zamani. Panguza kila wiki, osha ukiona weusi umerudi, na ukinyeshewa, kausha na uweke mafuta upya. Na ukipewa oili chafu ya bure, sema asante, kisha uiache hukohuko gereji.