Utacheza karata hadi lini?

Mpwa wangu, ambaye ameishi Marekani kwa miaka 15 sasa, alikuja Mombasa mwezi wa Desemba kuwaamkia wazazi wake. Katika sanduku lake, baina ya nguo na zawadi, alikuwa amefunga kwa uangalifu mkubwa visanduku vitatu vya karata. Si karata hizi tuzijuazo za kopa na shupaza, la hasha. Zilikuwa karata za mchezo uitwao Magic: The Gathering, kila moja ikiwa na picha yake, maandishi yake na bei yake. Alinieleza kuwa amekuwa akizikusanya tangu alipofika ugenini, na kwamba sasa anafikiria kuziuza zote.

Nilimwuliza, kwa ukali kidogo kama ilivyo desturi ya wajomba, alikusudia kuendelea na mchezo huo wa watoto hadi lini. Naye akanijibu kwa adabu: "Hilo ndilo swali tunaloulizana sisi wachezaji kila tunapokutana. Na wewe je, mjomba, utacheza karata zako hadi lini?"

Nilinyamaza. Nimecheza karata barazani kwetu, Mji wa Kale, kwa zaidi ya miaka 40, na sikumbuki mtu kuniuliza swali hilo hata siku moja. Kwa nini basi watu wa mchezo mmoja wajiulize kila mara wataucheza hadi lini, na watu wa mchezo mwingine wasiwe na fikira hiyo kabisa? Nimelitafakari jambo hili kwa majuma kadhaa, na nimeona kuwa jibu lake halihusu karata tu.

Wasioufahamu mchezo huo wanastahili maelezo mafupi. Ulibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, ukatolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mnamo Agosti 1993. Toleo la kwanza lilikuwa na karata za namna 295, na jumla ya karata zilizochapishwa zilikuwa kiasi cha milioni 2.6. Zote zilimalizika upesi. Jambo geni lilikuwa hili: mchezaji hanunui pakiti moja iliyokamilika kama tununuavyo sisi. Hununua vifurushi vilivyofungwa, asijue ndani mna nini, kisha huchagua, hubadilishana na wenzake, na kujiundia pakiti yake mwenyewe ya kupambana na pakiti ya mwenzake. Kufikia mwaka 1996 yalikuwapo mashindano ya kulipwa, ya kwanza yakifanyika New York. Mnamo 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Hasbro, watengenezaji wakubwa wa vitu vya michezo, ambao hisa zao huuzwa sokoni.

Sasa tufike penye kiini. Mnamo Januari 1995 kampuni iliweka mtindo wa mashindano ambamo karata zinazoruhusiwa ni za matoleo ya karibuni tu. Mtindo huo leo unaitwa Standard. Toleo jipya linapoingia, la zamani hutoka baada ya muda. Kwa miaka mingi muda huo ulikuwa kiasi cha miaka miwili, na mnamo 2023 ukaongezwa ukawa mitatu. Maana yake ni kwamba karata unayoinunua leo kwa fedha nyingi ina tarehe yake ya mwisho, kama maziwa ya pakiti. Hujaichafua, hujaikunja, hujaipoteza. Imetolewa tu mashindanoni kwa amri ya aliyeichapisha.

Mtu aliyefungwa katika mzunguko wa namna hiyo hana budi kujiuliza kila mwaka kama ataendelea. Hajiulizi kwa sababu amechoka kucheza. Hujiuliza kwa sababu anadaiwa kiingilio upya. Mpwa wangu alinisimulia kuhusu wenzake: wapo walioapa kuwa watacheza hadi kaburini, na wapo waliosema watacheza mwaka mmoja zaidi, nao wamekuwa wakisema hivyo kwa miaka kumi. Wengine huacha wakioa, au mtoto anapozaliwa, au kazi inapowahamisha mji. Kisha siku moja huonekana tena mlangoni mwa duka wakiuliza ni karata zipi zinazotumika siku hizi.

Hata mabingwa hawakuweza kuyakadiria maisha yao katika mchezo huo. Jon Finkel wa Marekani alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2000. Baadaye alipunguza sana kucheza akashughulika na kazi nyingine, na mwaka 2005 akaingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo, kama mtu ambaye siku zake zimepita. Mwaka 2008 alikwenda Kuala Lumpur akashinda mashindano makubwa tena! Basi atakayesema ameacha mchezo na asiaminiwe upesi, wala atakayesema hataacha kamwe.

Lakini uvumilivu wa wachezaji hao umejaribiwa sana miaka ya karibuni. Mnamo 2022 Magic ulikuwa mchezo wa kwanza wa Hasbro kuingiza zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Mwaka uo huo, katika kuadhimisha miaka 30, kampuni iliuza vifurushi vinne vya karata 15 kila kimoja kwa dola 999, na karata zenyewe hazikuruhusiwa katika mashindano rasmi. Mwezi wa Novemba wachunguzi wa Bank of America waliwaonya wenye hisa kwamba Hasbro inachapisha karata kupita kiasi, na bei ya hisa ikaanguka. Je, kampuni ilipunguza mwendo? Mwaka 2025 ilitoa matoleo sita ya Standard, na matatu kati yake yaliazimwa kutoka hadithi za watu wengine: Final Fantasy, Spider-Man na Avatar. Hasbro wenyewe walitangaza kuwa toleo la Final Fantasy liliingiza dola milioni 200 kwa siku moja.

Mchezaji mkongwe anayeona hayo ana haki ya kushangaa. Yeye anaambiwa mchezo haujapata kustawi namna hii, ilhali mwenyewe anahisi kwamba anaachwa nyuma na gari ambalo alilisukuma lilipokuwa limekwama.

Hata hivyo ni lazima tuwe waadilifu. Mchezo huu umepita miaka 30 kwa sababu mwenyewe amekuwa akiutunza na kuutia damu mpya. Isingekuwa faida, pasingekuwa na mashindano, wala maduka ambamo kijana mgeni kama mpwa wangu, aliyefika mji wa baridi bila kumjua mtu, aliweza kuketi mezani na kupata marafiki jioni ya kwanza. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo, nami siwezi kulidharau jambo lililomwondolea upweke mtoto wa dada yangu.

Tatizo ni kwamba mwenye kutunza ndiye pia mwenye kufunga. Garfield huyo huyo alibuni mchezo mwingine wa karata, Netrunner, uliotolewa mwaka 1996. Haukudumu, ukaachwa. Kampuni nyingine ikaufufua mwaka 2012 kwa kibali cha wenye haki, ukapendwa, ukawa na mashindano yake ya dunia. Mwaka 2018 kibali kilikwisha, na kwa mara ya pili mchezo ukatangazwa kufikia tamati. Wachezaji walikuwapo, hamu ilikuwapo, karata zilikuwa mikononi mwao. Kilichokosekana ni sahihi katika mkataba ambao wao hawakuwa sehemu yake.

Lakini wachezaji hao hawakutawanyika. Waliunda chama cha watu wa kujitolea, ambacho leo kinaitwa Null Signal Games, wakaanza kubuni karata mpya zinazochezeka pamoja na zile za zamani, na kuandaa mashindano yao wenyewe. Mchezo uliokwisha kuzikwa na wenyewe mara mbili ungali unachezwa. Tangu hapo swali la "hadi lini" limekuwa mikononi mwa wachezaji.

Wapenzi wa Magic nao walijaribu jambo kama hilo. Katika miaka ya 1990 wachezaji wa Alaska walianzisha mtindo ambao sasa unaitwa Commander: pakiti ya karata 100, karata zisizorudiwa ila zile za kawaida za ardhi, na aghalabu watu wanne mezani. Karata ya mwaka 1993 na ya mwaka jana hukaa pamoja bila kufukuzana. Mtindo ulienea hadi kampuni yenyewe ikaanza kuutolea pakiti maalumu mwaka 2011, lakini sheria zake ziliendelea kusimamiwa na kamati ya wachezaji.

Yaliyoipata kamati hiyo ni funzo kwetu sote. Mwezi wa Septemba 2024 ilipiga marufuku karata nne, baadhi yake zikiwa za bei kubwa. Watu waliokuwa wameziweka kama akiba waliona thamani yake ikiyeyuka. Baadhi yao wakaanza kuwatishia wanakamati. Kabla ya mwezi kwisha kamati ikaukabidhi usimamizi kwa kampuni. Kwa hivyo tusiitupie kampuni lawama zote. Karata ikishakuwa hisa, anayeishika huwa na moyo wa mwenye hisa, hata kama zamani alikuwa mchezaji tu.

Nirudi sasa barazani kwetu. Karata tuzichezazo, kwa ushahidi wa majina yake, tulizipokea kutoka kwa Wareno. Kopa, uru, shupaza, pau, hata turufu, yote ni maneno ya Kireno yaliyovishwa kanzu ya Kiswahili. Wareno hao walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, miaka 400 kamili kabla ya mchezo wa Garfield kuuzwa. Mwaka 1698 Waomani waliwatoa humo. Utawala ulikwisha, ngome leo ni makumbusho, na karata zimebaki kwetu. Hakuna anayeweza kutuandikia kwamba kuanzia mwezi ujao ree ya uru haitumiki tena. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniuliza nitacheza hadi lini.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mpwa wangu, nikijiona nimeshinda hoja. Yeye akaniuliza: "Sasa mbona tangu nifike sijawaona mkicheza?"

Swali hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Sisi tulikuwa wanne, wawili dhidi ya wawili. Mwenzangu, niliyecheza naye upande mmoja tangu ujana, alifariki mwaka uliopita. Baada ya matanga tulikutana mara mbili tatu, tukanywa kahawa, tukazungumza habari za siasa na bei ya unga. Hakuna aliyezitoa karata. Hapakuwa na kampuni iliyotufungia, wala mkataba uliokwisha. Mchezo uliodumu kwa karne kadhaa ulikuwa umekufa katika baraza moja kwa kukosa mtu mmoja, nasi wazee watatu hatukuwa tumemfundisha kijana hata mmoja namna ya kushika karata. Tulikuwa tukiwafukuza tukiwaambia waende wakasome.

Kwa hivyo nimelazimika kuirekebisha hoja yangu. Ni kweli kwamba mchezo wenye mwenyewe waweza kufungwa na mwenyewe, na kijana anayeutolea miaka yake na mshahara wake afadhali alijue hilo mapema. Lakini mchezo usio na mwenyewe nao una hatari yake: kwa kuwa si wa mtu, hakuna anayeona ni wajibu wake kuurithisha. Wale wa Netrunner walipoona mlango unafungwa waliamka wakafanya kazi. Sisi, ambao mlango wetu hauna komeo, tulilala.

Jioni hiyo mpwa wangu aliketi mahali pa marehemu. Alisahau turufu mara tatu, akanitia aibu mbele ya wapinzani wangu wa miaka yote, lakini hakuna aliyetaka kuondoka hadi adhana ya magharibi. Kabla hajarudi Marekani nilimshauri auze visanduku viwili, vile vya karata zenye kupitwa na wakati, alipe madeni yake. Kile cha tatu, anachochezea Commander na rafiki zake watatu kila Ijumaa, nilimwambia akiache kabatini, asiulize bei yake sokoni. Alicheka, akasema huo ndio ushauri aliokuwa akiutafuta.

Nasi tumempata mtu wa nne. Ni mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 19, aliyekuwa akipita kila jioni macho yake yakiwa kwenye simu. Jumamosi iliyopita alichanga karata, akagawa, na kabla kahawa haijapoa alikuwa ameila ree yangu kwa turufu ndogo, bila huruma.