Kupiga spesi si kuandika breli

Wasee, kuna uongo unaendelea kwa ofisi na saiba nyingi, kutoka Nairobi hadi huku kwetu Sori: ati ukishakopi maandishi, ukayabandika kwa programu ya breli na kubonyeza "tafsiri", basi umemfanyia msomaji kipofu kazi. Hujafanya. Umempea gunia la omena iliyochanganyika na mchanga, sasa yeye ndiye apepete.

Programu kama Duxbury inageuza herufi kuwa nukta. Hiyo ndiyo nusu rahisi. Nusu ingine ni misimbo (wengi tunasema kodi, si ile ya mwenye nyumba): vialama ndani ya mabano ya mraba vinavyoambia programu hapa aya inaanza, [p], hapa ukurasa mpya, [pg], hapa kichwa kinaanza, [hds], na hapa kinaisha, [hde]. Vyenyewe havichapishwi, lakini ndivyo vinaamua kila kitu kitakaa wapi.

Wewe ukiona maandishi makubwa meusi unajua ni kichwa. Kidole hakioni ukubwa wala weusi. Kinajua kichwa kwa mahali kimewekwa na nafasi tupu iliyokizunguka. Ukikisukuma katikati kwa spesi kumi na tano, umejipangia macho yako tu.

Piga hesabu. Ukurasa wa kawaida wa breli una nafasi 40 kwa mstari na mistari 25, yaani nafasi 1,000 pekee. Sasa chukua notisi zilizotolewa kwa PDF, kila mstari umeishia kwa Enter. Mstari wa herufi 78 unajaza mstari mmoja wa breli, unajaza wa pili, halafu mara nyingi neno moja linabaki peke yake chini, halafu inaanza "aya" ambayo si aya. Ukurasa mzima hivyo. Mtoto wa kidato cha nne anatafuta swali la 14 ndani ya huo msitu, na saa inatembea.

Usiniambie siku hizi kuna Orbit Reader. Ni kifaa kizuri, na Kilimanjaro Blind Trust Africa wamewafikishia wanafunzi wengi. Lakini Orbit Reader 20 inaonyesha nafasi 20 kwa wakati mmoja. Faili uliyoipanga kwa spesi ukifikiria nafasi 40 inavunjika hapo. Yenye misimbo unairudisha kwa programu, unabadilisha upana wa mstari, inajipanga upya yenyewe.

Kiswahili ndicho kinaumia zaidi, maze. Ukiacha programu kwa vifupisho vya Kiingereza, neno "andika" linaharibika: "and" yote inamezwa na alama moja. "Theluthi" nayo inapoteza "the". Mtu aliyefundishwa breli ya Kiswahili asome nini hapo? Na msimbo wa kubadili lugha katikati ya faili upo. Kuuweka ni sekunde chache.

Najua jibu lenu: Duxbury ni ghali. Kweli, ni ghali. BrailleBlaster ya American Printing House for the Blind ni ya bure. Na kwa Word, ukitumia mitindo ya vichwa iliyomo badala ya kukoleza tu wino, programu ya breli inatambua kichwa ni kichwa. Kwa hivyo pesa tuiweke kando.

Shida ni kwamba anayekagua kazi hasomi breli. Mashine ya kuchapa inaletwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, karatasi inatoka na vipele vyake na watu wanapiga makofi kwa sababu inakaa breli. Kifungu cha 7 cha Katiba kinataka serikali ikuze matumizi ya breli. Matumizi, buda. Yaani mtu asome.

Kwa hivyo kabla hujalipia kazi ya breli, tafuta mtu anayeisoma, mpe kurasa tano za kwanza na umwambie akuonyeshe kichwa cha pili kiko wapi. Akikikosa, usilipe.