Kitabu Mkono Mmoja, Mtoto Mkono wa Pili

(Maoni ya mwanachama, Kidato cha Tatu)

Kabla hamjaniuliza mvulana mzima anatafuta nini katika habari za nepi, nawaomba mnisikilize kidogo.

Likizo ya Aprili nilikuwa yaya. Naam, yaya! Dada yangu anasomea uhasibu katika chuo kimoja hapa Voi, na wakati huo binti yake alikuwa na miezi minne. Mama anauza mboga sokoni, baba yuko safarini na malori. Nyanya angefaa, lakini anakaa Wundanyi, na kila akiteremka Voi hulalamikia joto na mbu mpaka apande matatu ya kurudi milimani. Alituambia, "Nipeni mtoto nimpeleke kwenye baridi, nyinyi someni." Wazo zuri, ila mtoto ananyonya. Wataalamu wa afya wanasema miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapewi. Sasa maziwa hayo yangepanda matatu gani, yapite Mwatate mpaka Wundanyi kila baada ya saa tatu?

Basi tukakata shauri. Kila asubuhi nilimbeba mtoto mpaka chuoni, nikakaa naye chini ya mwarobaini. Vipindi vikiachana, dada anatoka mbio, ananyonyesha nyuma ya ukuta, anarudi mbio. Vijana wa mtaani walinicheka, eti nimeolewa. Siku ya kwanza nilicheka nao. Siku ya pili mtoto alilia karibu saa nzima huku dada akifanya jaribio, nami nikamwona dirishani ameweka kalamu chini, anatusikiliza. Sikucheka tena.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kweli, lakini wahenga hao hawakuwa na jaribio la uhasibu saa mbili asubuhi. Usiku nilikuwa nikimwona dada ananyonyesha, kitabu kiko juu ya mto, anageuza kurasa kwa kiwiko.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Katikati ya likizo hiyo mtoto alishikwa na homa, wakakesha hospitalini, na asubuhi yake kulikuwa na jaribio. Dada alipopeleka kadi ya hospitali, mhadhiri alimwambia kwamba aliyeugua ni mtoto, siyo mwanafunzi. Akapata sufuri. Alipofika nyumbani hakulia. Alikusanya madaftari yake yote akayatia kwenye gunia. Mama ndiye aliyeyatoa.

Sasa tazameni. Angekuwa karani ofisini, Sheria ya Ajira ya 2007 ingempa likizo ya uzazi ya miezi mitatu na mshahara wake. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na ampe mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa moja katika saa nane za kazi. Angekuwa msichana wa sekondari kama dada zetu hapa, tangu 1994 serikali ina mwongozo wa kumrudisha shuleni aliyejifungua, na mwingine ukatolewa mwaka 2020. Lakini dada si karani, wala si mwanafunzi wa sekondari. Yeye alikuwa akitegemea huruma ya mhadhiri, na huruma siku ile haikuwepo!

Najua watakaosema, "Nani alimtuma?" Haya, na baba wa mtoto je, alitumwa na nani? Yeye ni mwanachuo mwenzake, tena wa darasa lilo hilo. Siku ya homa alifanya jaribio lake vizuri tu. Hakuna aliyemuuliza neno.

Wengine watasema aahirishe mwaka mmoja. Karo ya muhula ule ililipwa kwa mbuzi wa nyanya, na mbuzi akishauzwa haahirishwi.

Mimi siombi makubwa. Chuo chochote kina stoo ya viti vibovu. Viti vitolewe, mkeka utandikwe, mlango uwe na komeo, mama anyonyeshe bila kujificha. Pili, iandikwe katika kanuni, nyeusi kwa nyeupe, kwamba kadi ya hospitali ya mtoto inatosha mama kurudia jaribio. Na mwanachuo aliye baba naye apewe ruhusa ya kukesha hospitalini, tuone kama ataitumia. (Mimi nina mashaka.)

Dada hakuacha. Mitihani yake inaangukia likizo yetu ya Agosti. Binti sasa anatambaa, tena kwa kasi, na mchanga wa chini ya mwarobaini anaupenda kuliko uji. Nitakuwa naye pale kila asubuhi. Anayetaka kunicheka aje, ila aje na maji ya kumnawisha mtoto.