Herufi nne zina mwenyewe?

Leo tubishane kidogo kuhusu majina ya biashara.

Pita barabarani Sanya Juu usome vibao vya maduka. Mtu anachukua herufi za kwanza za majina ya watoto wake, anamalizia na "Hardware" au "Stationery", biashara inaanza. Mi sina neno na hilo. Tatizo ni kwamba wengi wakishapata cheti cha jina la biashara toka BRELA wanaamini zile herufi ni zao tayari. Sio kweli! Jina la biashara lina sheria yake, na alama ya biashara ina sheria nyingine, Na. 12 ya mwaka 1986. Hiyo ya pili ndiyo inakupa haki ya pekee ya kutumia alama kwenye aina ya bidhaa ulizoandikisha. Inadumu miaka 7, halafu unaihuisha kila miaka 10. Na usajili wa Bara hauvuki maji, Zanzibar unasajili kivyake.

Kuna watakaosema alfabeti ni ya wote, mtu atamilikije herufi? Jamani, kinacholindwa ni imani ya mteja. Angalia KNCU yetu. Ilianza 1933, na ile N ni "Native", neno la enzi za mkoloni ambalo leo sijui nani angelichagua. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, lakini kilipofufuliwa chama chetu mwaka 1984 kilirudi na herufi zile zile. Mkulima wa kahawa hakuhitaji kuelezwa kirefu chake, alishazijua.

Na nyie wapenzi wa mieleka, mnakumbuka WWF? Shirika la kutunza wanyamapori, lile lenye nembo ya panda, liliwapeleka mahakamani London kwa kuvunja makubaliano ya mwaka 1994 kuhusu herufi hizo. Wakashindwa, na Mei 2002 wakawa WWE. Kama wenye mapesa yale walibadili jina, sembuse mama mwenye duka la madaftari?

Msimamo wangu: kabla hujamlipa mchora kibao, ulizia BRELA kama herufi hizo hazina mwenyewe kwenye biashara kama yako, halafu sajili alama. Na sisi walimu watarajiwa, hasa mnaoenda kufundisha masomo ya biashara, tuwaambie wanafunzi tofauti ya vyeti hivi viwili. Wengi wao watafungua duka kabla hawajapata ajira.

Nawasilisha. Anayepinga aje na hoja!