ATI MICHEZO YA ZAMANI ILIKUWA NA ADABU!



Yamezuka maneno katika mitaa ya Kariakoo na huku kwetu Feri, na wayasemao si watoto, bali ni watu wazima wenye ndevu, waliokwisha kupita miaka 40. Wanasema: "Sisi zamani tulicheza kwa adabu. Tulikuwa na bastola yetu ya plastiki na bata wetu kwenye televisheni ya chogo, basi. Hatukuwa kama watoto hawa walioharibiwa na simu." Wakisha kusema hivyo huugulia kama waliofiwa. Wako wanaozunguka kwa mafundi wakitafuta televisheni ya chogo iliyo hai, na wakiipata huitolea fedha bila ya kupatana bei. Kisha hao hao hunijia wakitaka niwahutubie vijana wao siku ya Ijumaa juu ya ubaya wa simu. Nitawahutubia, inshallah. Lakini kwanza nina maneno na akina baba.

Tukianze chombo chenyewe, maana haifai mtu akasifu asichokijua. Mchezo ule wa kuwinda bata ulitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1984. Uliofika kwetu katika miaka ya 1990 ulikuja zaidi katika mashine za kuiga zilizouzwa Kariakoo. Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni mpaka mwaka 1994. Ndugu zetu wa Unguja walikwisha kuwa nacho tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam televisheni na gemu viliingia kwa mlango mmoja, kama bibi harusi na kungwi wake.

Sasa, bunduki ile haikutoa kitu. Wengi wenu mpaka leo mnadhani ilirusha mwanga ukapiga kioo. La hasha! Ndani ya mtutu wake mlikuwa na jicho dogo la kupokea mwanga. Ulipofyatua, kioo kizima kiligeuka cheusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha mahali alipo bata pakawa mraba mweupe; bunduki ikiuona weupe ule, bata huanguka. Weusi ulitangulia ili chombo kisidanganywe na taa ya chumbani. Basi aliyekuwa akipiga ni televisheni, na aliyekuwa akipigwa ni mshika bunduki! Ndiyo sababu hata leo bunduki hiyo haifai kitu kwenye televisheni bapa: picha yake huchelewa, wala haichorwi kwa mwali kama ile ya chogo. Na ukikosa shabaha, mbwa huinuka majanini akakucheka. Watoto wa Kiislamu wameketi sakafuni, Alasiri inawapita, mbwa anawacheka, na hiyo leo inaitwa adabu.

Sisemi kwamba kulenga shabaha ni haramu. Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza, na akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mpiga mishale. Imo katika Bukhari. Lakini mashindano yale yalikuwa na mkono, upinde, jua na jasho. Na Mtume huyo huyo amekataza kiumbe chenye roho kisifanywe shabaha. Ibn Umar alipowakuta vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wanamlenga, walitawanyika walipomwona, naye akawakemea. Utanijibu: "Sheikh, bata wa kiooni hana roho." Ni kweli, na mimi sikushiki kwa bata. Nakushika kwa bastola. Maana mtoto hakukomea kwenye kioo. Alimgeukia mdogo wake, akamwelekezea usoni, akafyatua, na sebule nzima ikacheka, mama naye akiwamo. Nasi tumekatazwa kumwelekezea ndugu yetu silaha hata kwa mzaha.

Na wakati je? Mimi nilikuwa nasomesha chuoni miaka hiyo. Wako wanafunzi waliokuwa wakiparua samaki pale Feri asubuhi, wapate shilingi chache za kupeleka nyumbani. Fedha ile ilikuwa ikiishia kwenye vibanda vya gemu, nao chuoni hawafiki, na ukiwauliza husema pantoni ilichelewa. Pantoni, na mtoto anakaa upande huu huu wa bahari!

Hata hivyo lipo jambo moja la kweli katika kilio chao. Televisheni ilikuwa moja, na watoto wa nyumba nne waliitazama pamoja. Aliyeshindwa alimpisha mwenziwe, na mama mwenye nyumba akisema "Zima", huzimwa. Lakini adabu hiyo, ndugu yangu, ilikuwa yako? Ilikuwa ya mgao wa umeme wa miaka ile. Ilikuwa ya uzito wa chogo lisilobebeka kwenda kitandani. Ilikuwa ya ufukara wa babako asiyeweza kununua televisheni ya pili. Ungekuwa na simu mfukoni ungefanya vile vile afanyavyo mwanao, na pengine zaidi.

Mmoja wao ana duka Mtaa wa Kongo. Alimchapa mwanawe kwa kucheza mchezo wa bunduki kwenye simu, na wiki haikupita akanunua televisheni ya chogo, akaifungia chumbani kwake, akawa anawinda bata peke yake baada ya Isha. Nilimwambia: itoe sebuleni, mwite mwanao, mpe bastola yeye awe wa kwanza, na ikiadhiniwa wewe ndiwe uizime. Alinyamaza. Mpaka sasa sijui kama ameitoa.

Liko na hili la mwisho, nalo watu hawalisemi. Matangazo ya zamani yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, televisheni isiyo na king'amuzi ilibaki bubu, kisha zikaja zile bapa, na machogo yakatupwa. Kioo cha chogo kina risasi ndani yake. Si risasi ya mchezo, bali ni madini yenye sumu yanayodhuru akili za watoto. Waokotao vyuma chakavu hukipasua kwa nyundo wapate shaba ya nyuma, na vigae hubaki uchochoroni au hutupwa ufukweni, karibu na pale tunaponunua samaki. Basi ukishachoka na bata wako, au televisheni ikikufia, usimpe mtoto wa mtaani aivunje, wala usiifungue mwenyewe, maana hushika umeme ndani hata baada ya kuchomolewa. Mpelekee fundi aifungue kwa bisibisi, achukue avitakavyo, na kioo kibaki kizima.